Skrubu Mbili Katika Nguzo ya Kaskazini

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na nyundo. Nilikuwa nimeizungushia gazeti na kuitia kwenye mfuko wa plastiki. Nilishuka treni Jordbro, kitongoji cha viwanda huko Sweden, alfajiri, nikafuata kundi la watu wasiosemezana mpaka kwenye kiwanda cha makabati ya jikoni. Msimamizi wa karakana, mtu mrefu aliyening'iniza miwani kifuani kwa kamba, aliifunua ile nyundo, akaipima uzito mkononi, akanirudishia.

"Nyundo nzuri," alisema. "Iweke kwenye kabati lako la nguo. Hapa hatugongi kitu."

Akanikabidhi mashine ya kukazia skrubu, akanionyesha meza yangu. Kufikia chai ya asubuhi nilikuwa nimefunga bawaba nyingi kuliko nilizofunga Jinja kwa mwaka mzima.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mimi ni seremala wa Jinja, nimefundishwa na baba yangu mdogo katika karakana isiyokuwa na umeme. Fujo za nchi yetu zilinitoa nyumbani, nikakaa Mwanza miaka kadhaa nikitengeneza madawati ya shule, na huko ndiko nilikopata Kiswahili hiki na mke wangu Zaina. Sweden ilinipokea peke yangu. Zaina na binti yetu Hadija walibaki Mwanza wakingoja vibali, na niliambiwa kwamba vibali vingekuja upesi zaidi kama ningekuwa na kazi ya kudumu na nyumba. Ninyi vijana mnaosoma haya, likumbukeni hilo. Sitaki liwe kisingizio, ila lilikuwemo kichwani mwangu kila siku ninayoisimulia hapa.

Kabati la kiwandani halina mbao. Lina ubao wa vumbi, yaani vumbi la mbao na gundi vilivyoshindiliwa pamoja mpaka vikawa bapa. Ubao huo hauna nyuzi, kwa hiyo huwezi kuuchonga ulimi wa kuingia kwenye tundu. Ukiutia patasi unamomonyoka kama andazi la juzi. Kila kitu ni skrubu, vyuma vya pembe, na vifungo vidogo vya kuzungusha nusu duara. Mwanzoni nilizidharau skrubu, baadaye nikaziheshimu. Skrubu humshikia fundi na asiye fundi sawasawa, na ukikosea unaifungua. Mtu aliyefika jana anatengeneza kabati leo. Lakini mwaka wa kwanza ulipoisha niligundua kwamba sikuwa nimenoa kitu chochote tangu nifike, na siku hiyo nilihuzunika sana.

Katika mwaka wa pili msimamizi aliniita ofisini kwake. Mkurugenzi wa kampuni alikuwa ameahidi kujenga banda la kupumzikia katika bustani ya nyumba moja ya kutunzia wazee, kusini mwa mji. Fundi alikuwa Mjapani, mume wa mwalimu mmoja wa hapa, na alitaka msaidizi anayejua kutumia randa ya mkono.

"Nimewauliza wote humu," msimamizi alisema. "Wanajua mashine tu. Wewe unaweza?"

"Naweza," nilijibu, kabla hajamaliza kuuliza.

Mzee Hatano alikuwa mfupi, mkavu, amepita miaka sitini, na vidole vyake vilikuwa vinene kwenye viungo kama mizizi ya tangawizi. Waswidi huitana kwa jina la kwanza, hata mkurugenzi, lakini mimi ulimi ulikataa. Nilimwita Mzee. Aliuliza maana yake, nikamweleza, akafikiri kidogo, akasema linafaa. Yeye aliniita Yusufu-san, na hiyo "san" ni heshima ambayo sikuwahi kuwa nayo Jordbro. Kiswidi chetu sote wawili kilikuwa cha kuokota, kwa hiyo tuliongea taratibu na kwa maneno machache, na nadhani ndiyo sababu hatukugombana hata siku moja.

Wiki ya kwanza sikukata ubao. Nilinoa. Alikuwa na vinoo vitatu, cha kukwaruza, cha kulainisha na cha kung'arisha, vikilowekwa ndani ya beseni la maji, na patasi ikitoka kwenye cha tatu alikuwa ananyolea nayo vinyweleo vya mkono. Wiki ya pili alinifundisha upya kushika msumeno. Msumeno wetu unakata ukisukuma. Wake ulikata ukivuta. Randa vilevile. Alinieleza kwamba bati la msumeno linalosukumwa lazima liwe nene lisije likapinda, ila linalovutwa linanyooka lenyewe, kwa hiyo linaweza kuwa jembamba, na likiwa jembamba linaacha njia nyembamba, na kiungo kinakutana bila gundi. Mwili wangu ulikuwa na miaka ishirini ya kusukuma. Kwa mwezi mzima niliumwa mgongo mahali ambapo sikujua kuwa mtu anaumwa.

Nguzo za banda zilikuwa nne, za msonobari wa zamani, zimetoka kwenye ghala lililobomolewa. Mti ulikuwa mzuri ajabu, mzito, mwekundu ndani, lakini miguu ya nguzo ilikuwa imeoza kwa kukaa kwenye udongo. Seremala wa kawaida angezitupa, au angekata pale palipooza, akaweka kipande kipya na kukibana kwa mabamba ya chuma na boliti. Mzee Hatano alikata palipooza, akaziunga miguu mipya ya mti wa aina ileile kwa kiungo ambacho Wajapani hukiita kanawa.

Nitajaribu kukieleza. Vipande viwili vinachongwa mshazari kwa hatua, na kila kimoja kinaachiwa ulimi mdogo mwishoni, unaoingia kwenye tundu la mwenzake. Vipande hivyo ni pacha. Ukivichanganya huwezi kusema kipi cha juu na kipi cha chini. Unaviingiza kwa ubavu, na vikishakutana panabaki katikati nafasi ndogo ya mraba. Hapo unapigilia kabari ya mwaloni. Kabari inasukuma kila kipande kwenda kwake, ndimi zinazama kwenye matundu, na nguzo inakuwa moja tena. Ukitaka kuitoa baada ya miaka mia, unagonga kabari kutoka upande wa pili. Kwa nje unaona mstari mwembamba tu, kama mpindo wa karatasi.

Nilimuuliza kwa nini anachukia skrubu.

"Siichukii," alisema. "Kitu kitakachohamishwa, kitie skrubu. Meza ya sherehe, tia skrubu. Lakini mti huu utavimba mvua ikinyesha, utasinyaa hewa ikikauka. Kila mwaka. Chuma hakina masika wala kiangazi. Kinakaa vilevile. Mti ukitaka kwenda na chuma kikikataa, nani atapasuka?"

"Mti."

"Basi."

Kwa muda wa miezi minne alikata viungo vinne. Mimi nilipiga mistari, nilishika, nilinoa, nilichonga matundu ya pau za paa, ila vile viungo vya nguzo hakuniachia hata kimoja. Cha nne, cha nguzo ya upande wa kaskazini, kilipoingia, hakikutoa sauti kabisa. Alipitisha ukucha juu ya mstari, mara moja kwenda, mara moja kurudi. Alisema amekata viungo vya namna ile tangu akiwa kijana, na hiki ndicho bora kuliko vyote. Hakujisifu. Alisema kama mtu anayesoma kipimo. Kisha akaniambia kwamba wenye nyumba ile walitaka ajenge na ukumbi mdogo wa kulia chakula mwaka unaofuata, na kwamba kwenye ukumbi nguzo zitakuwa nane, nne zake na nne zangu.

Nilimwandikia Zaina barua siku ileile. Nilimweleza kuhusu nguzo zile nne za kwangu kana kwamba zimeshasimama.

Paa lilikwisha kabla ya theluji. Januari Mzee Hatano alishikwa na mafua mabaya, akalala nyumbani kwao Hagsätra wiki mbili. Aliniachia kazi ya benchi la ndani, ambalo mgongo wake ulipita kwenye nguzo ya kaskazini. Wiki hiyo baridi ilishuka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Kamasi ziliganda puani. Asubuhi moja, niko peke yangu bandani, nimeinama napima ubao wa benchi, nguzo ya kaskazini ililia.

Ilikuwa sauti kavu, moja, ya kitu kinachovunjika. Mtu aliyetoka nchini kwetu miaka ile anajua mwili unafanya nini ukisikia sauti kama ile. Nilikuwa nimeshalala chini kabla sijafikiri. Nilipoinuka nikaitazama nguzo, sikuona kitu. Nikapitisha ukucha kwenye mstari wa kiungo kama nilivyoona anafanya, sikuhisi kitu. Nikarudi kupima, na ikalia tena.

Nilijua, kwa uhakika wa mtu asiyejua, kwamba kiungo kinaachia. Niliona theluji iliyolemea paa. Niliona wazee wa nyumba ile wamekaa chini yake wakati wa kiangazi. Zaidi ya yote nilimwona Mzee Hatano akirudi kutoka kitandani na kukuta kiungo chake bora kimefunguka mbele ya msimamizi na mkurugenzi. Nilimpenda mzee yule. Lisemwe hivyo, kwa sababu nilichofanya nilikifanya kwa kumpenda, na kingekuwa chepesi kukibeba kama ningekifanya kwa chuki.

Kuuliza si ujinga, tunasema, na mimi mwenyewe nimewaambia hivyo wanangu. Ndani ya jumba lile kulikuwa na wafanyakazi waliozaliwa katika nyumba za mbao. Ningevuka ua, nikauliza, ningejibiwa kwa neno moja. Lakini nilikuwa nimechoka kuuliza. Mgeni anauliza kila kitu, tikiti, fomu, takataka ipi inatupwa wapi, na kwa kazi ya mbao peke yake sikutaka kuwa mgeni.

Nikachukua keekee, nikatoboa nguzo upande wa ndani, matundu mawili yaliyopita vipande vyote viwili, moja sehemu ya juu ya kiungo na moja sehemu ya chini. Nikatia skrubu mbili ndefu za chuma, nikazikaza mpaka zikalia. Kisha nikachonga vizibo viwili vya msonobari, nikalinganisha nyuzi zake na nyuzi za nguzo, nikavigonga juu ya vichwa vya skrubu, nikavikata sawa na uso wa mti. Kazi hiyo niliifanya vizuri. Mzee mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Mchana nikafunga mgongo wa benchi juu yake, na mahali pote pakafichika.

Aliporudi alikagua kila kitu, akasema benchi limenyooka. Nilifurahi sana.

Watu wengi hudhani baridi ndiyo adui wa mbao Sweden. Adui ni miezi ya Machi na Aprili, jua limerudi, majani hayajatoka, na hewa inakauka mpaka midomo inachanika. Miguu mipya ya nguzo ilikuwa bado na unyevu kidogo ndani, ikaanza kusinyaa. Nguzo tatu zilisinyaa na viungo vyake, kama alivyokusudia. Ya nne ilishikwa na skrubu zangu juu na chini. Ilitaka kwenda, ikakataliwa, ikapasuka kufuata nyuzi, katikati ya kiungo, ufa wa kuingia sarafu.

Aliyeuona kwanza ni mkuu wa nyumba ya wazee, mwanamke mwangalifu, akampigia simu mkurugenzi wetu. Tulikutana wote bandani asubuhi ya Jumatatu. Msimamizi alivaa miwani yake, akaingiza kisu kwenye ufa, akakitoa.

"Hatuwezi kukalisha wazee chini ya hii," alisema. Hakusema kwa ukali. "Nitatia mabamba ya chuma na boliti. Zote nne, kwa usalama."

Mzee Hatano alikuwa amepiga magoti mbele ya nguzo. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka mkuu wa nyumba akaanza kuangalia saa. Kisha akaniita karibu, tukawa wawili, vichwa vyetu vinakaribiana, na akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Yusufu-san. Nilipokuwa mgonjwa, ulisikia kitu? Uligusa kitu hapa?"

Mpaka leo nakumbuka harufu ya utomvu kwenye ufa ule. Msimamizi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka tulipo. Vibali vya Zaina na Hadija vilikuwa kwenye faili mahali fulani mjini, vikingoja mhuri. Nilifikiri, nikisema sasa, leo jioni sina kazi. Nilifikiri pia, na hili ndilo baya zaidi, kwamba uso wake ukigeuka kunitazama nitashindwa kuustahimili.

"Hapana, Mzee," nilisema. "Sikusikia kitu. Sikugusa."

Aliitikia kwa kichwa. Akasimama, akapangusa magoti, akamgeukia msimamizi, akainama mpaka mgongo ukawa meza. Alisema kosa ni lake. Alisema amechagua mti vibaya, au amekata ulimi mnene mno, na kwa vyovyote mkono wake sasa haujui tofauti. Msimamizi hakujua afanye nini na mtu aliyeinama vile, akasema hakuna shida, mambo hutokea. Nilisimama palepale na keekee mkononi.

Mabamba yalifungwa wiki ileile, na aliyekaza boliti ni mimi. Ukumbi wa kulia ulijengwa na kampuni nyingine, kwa zege na chuma. Mzee Hatano alifuta patasi zake kwa mafuta, akazifunga kwenye kitambaa, na tangu siku hiyo hakukata tena mti wa mtu. Mkewe, Birgitta, alimtafutia kazi mbili tatu, rafu ya rafiki, lango la bustani. Alikataa zote kwa adabu. Alisema mtu akishaona dalili hangoji apigwe na boriti kichwani.

Nilirudi Jordbro kwenye meza yangu ya bawaba. Vibali vilikuja. Zaina na Hadija walishuka uwanja wa ndege wamevaa makoti mawili mawili ya kuazima, na kwa miezi michache nilikuwa na furaha iliyofunika kila kitu. Halafu majira ya baridi yakarudi. Asubuhi moja kwenye kahawa msimamizi alikuwa anapiga miayo.

"Nyumba yangu ya mbao ilinitesa jana usiku," alisema. "Inalia kama bunduki."

Nilimuuliza inalia vipi.

"Baridi ikikaza, mbao zote hulia. Unyevu unaganda ndani, mti unajikaza. Haina madhara yoyote. Bibi yangu alikuwa akisema nyumba inajinyoosha viungo." Akanitazama. "Kwenu hailii?"

Nikamwambia kwetu hakuna baridi. Nikaenda chooni, nikakaa humo mpaka nilipoitwa.

Baadaye niliondoka Jordbro, nikafanya kazi kwenye kampuni iliyojenga ofisi Kista, kaskazini mwa mji. Ofisi zile zilikuwa zinaota kama uyoga. Kuta zake ni fremu za bati na mbao za jasi, na fundi ni yule anayepiga skrubu nyingi bila kuinua kichwa. Nilikuwa hodari. Baada ya mwaka nilifanywa kiongozi wa kikosi. Tulijenga chumba Jumatatu, na kabla ya mwezi kuisha wenye ofisi wamebadili mawazo, tunakifungua, tunakihamishia upande wa pili. Kwa kazi ile skrubu ilikuwa mahali pake kabisa, na Mzee Hatano angekubali.

Nilikuwa nikimtembelea. Kila Jumapili ya pili nilipanda treni ya chini ya ardhi mpaka Hagsätra, mwisho wa njia, na sambusa za Zaina kwenye bakuli lenye mfuniko. Tulikaa karibu na dirisha. Aliniuliza habari za Kista, akacheka nilipomweleza kuhusu kuta zinazohama. Kila mara nilipanda treni nimeapa kwamba leo nitasema, na kila mara nilirudi na bakuli tupu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na vituo vingi, na nilivijua vyote kwa majina.

Zaina ndiye aliyeukomesha mchezo huo. Jioni moja aliona ninavyokunja na kukunjua kitambaa cha bakuli, akaketi mbele yangu.

"Baba Hadija, kule kwa mzee kuna nini? Ukienda umenuna, ukirudi umenuna zaidi."

Nikamwambia yote, tangu sauti ya kwanza ya nguzo mpaka boliti. Nilipomaliza alisema, "Mtu mzima anaishi na aibu isiyo yake, na wewe unampelekea sambusa."

"Ilikuwa kwa ajili yenu. Vibali."

"Tumeshafika," alisema Zaina. "Tumefika miaka mingapi sasa?"

Jumapili iliyofuata sikubeba bakuli. Mzee Hatano alikuwa amedhoofika mwaka ule, shali magotini, lakini macho yake yalikuwa mazima. Birgitta alikuwa jikoni. Nikakaa, nikasema bila utangulizi, kwa sababu utangulizi ndio uliokuwa ukinishinda siku zote.

"Mzee, ile nguzo ya kaskazini. Kiungo chako hakikuwa na kosa. Ni mimi. Ulipokuwa mgonjwa mti ulilia kwa baridi, nikadhani unavunjika, nikatia skrubu mbili. Nikaziziba, nikafunika kwa benchi. Skrubu ndizo zilizoupasua."

Nilikuwa tayari kwa hasira. Nilikuwa tayari hata kwa kufukuzwa. Badala yake uso wake ukalegea, akaupeleka mkono wake juu ya wangu.

"Yusufu-san, wewe ni mtu mwema."

"Sisemi kwa wema, Mzee. Ni kweli."

"Nilikuuliza siku ile. Ulisema hukugusa. Wewe husemi uongo."

"Siku ile nilisema uongo."

Akatikisa kichwa, taratibu, kama unavyomtikisia mtoto aliyekuletea zawadi isiyo na kitu ndani. "Mimi nilipiga magoti pale. Niliitazama nguzo ile, kila upande. Skrubu ningeiona. Kizibo ningekiona." Kisha akasema, "Nikikubali hayo, basi na macho nayo yalikuwa yamekufa. Niachie macho."

Birgitta alinisindikiza mpaka mlangoni. Alikuwa amesikia, na macho yake yalikuwa mekundu. Akaninong'oneza, "Asante kwa kujaribu." Hata yeye hakuniamini.

Jumamosi nilichukua bisibisi na patasi, nikaenda kwenye ile nyumba ya wazee. Nilikuwa nimepanga kufungua benchi, kuchimba vizibo, kutoa skrubu zangu mbili na kumpelekea Mzee mkononi. Banda lilikuwepo. Nguzo zilikuwa nne, za chuma, zimepakwa rangi ya kahawia ifanane na mti. Mtunza bustani aliniambia zimebadilishwa tangu vuli. Mbao za zamani zilipasuliwa kuni.

"Ziliwaka vizuri sana," alisema. "Msonobari wa siku hizi hauwaki vile."

Nilikwenda Hagsätra moja kwa moja kutoka pale. Nilimweleza nilikotoka na nilichokuwa nimekwenda kutafuta. Nikamweleza na maneno ya mtunza bustani.

"Zimechomwa zote nne?" aliuliza.

"Zote, Mzee."

Akageukia dirisha. "Tatu zilikuwa nzima," alisema.

Alifariki kabla ya majira ya kuchipua. Birgitta alirudisha majivu yake kwao, na patasi akazipeleka kwa mpwa wake huko. Mimi sikuomba hata moja.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi baada ya hapo, Kista na kwingineko, nikastaafu na goti bovu na sikio moja lisilosikia vizuri kwa kelele za mashine. Vijana wa kwetu wanaosomea ujenzi huja nyumbani wakaniuliza kipi bora, kiungo cha mbao au skrubu. Ninawajibu kama nilivyojibiwa: angalia kama kitu kitahama au kitakaa. Huandika, wakashukuru, wakanywa chai. Hilo ni swali jepesi na nimelijibu mara nyingi. Ambalo hawaniulizi ni mtu afanye nini na kweli aliyoiweka mpaka ikakosa wa kuipokea, na hilo ningekuwa na jibu ningewapa bila kuulizwa. Sina. Nimejaribu kumwambia mwenyewe, hakuamini. Nimejaribu kumwambia mkewe tena, kwa barua, akanijibu, "Mume wangu alikupenda sana." Nilijaribu hata kumwambia msimamizi nilipokutana naye sokoni, mzee sasa, miwani bado kifuani, na hakukumbuka banda lolote.

Kwa hiyo naandika hapa, kwa watu wasiomjua. Nguzo zile nne alizikata Mzee Hatano kwa mkono wake, na zote nne zilikuwa nzima.